Mushumaa Ulikataa Kuwaka Kasulo

Yaya, dada yangu mukubwa, mutoto wako Kalend amepatikana, na mwenye kumupata ni mutoto wangu Odette. Usipike kitu, usiite batu. Hayuko muzima. Keti kwanza, kisha usome.

Sasa nikusalimie. Habari ya mugongo, habari ya mihogo, habari ya Musumba yote? Sisi huku Kolwezi tunapumua. Goti yangu inauma, lakini nikitembea na Odette batu banasimama kuniamkia mi, mama yake, na goti inapona.

Unajua alisoma jeoloji Lubumbashi, kazi ya kujua majiwe na udongo. Mi niliishia darasa la sita, lakini alitoka mu tumbo hii hii. Batu ba televizyo balikuja kutengeneza filme ya familia yenye kuchimba kobalti chini ya nyumba yao, sawa majirani zetu ba Kasulo. Balimuchukua Odette akae karibu na kamera, aseme: hii kweli, hii uongo. Siku ya kwanza alikuta bamepaka majiwe rangi ya bulu. Alicheka mpaka akaegama ukuta. Akabaambia kobalti ikiwa mu udongo ni nyeusi sawa makala. Baliosha yote, Yaya, na mukubwa wa filme mwenyewe alishika brosi.

Kisha balipanga nyumba yenye haina mutu, bakachimba shimo katikati ya chumba, urefu wa batu babili tu. Shimo ya muchezo. Mi nilikuwa pale, nilibapelekea bukari, ugali yetu. Kijana mwenye kucheza mu filme alipaswa kushuka na mushumaa, amuite baba yake. Odette akakataa: mushumaa utangulie kwa kamba, vile bakrezere, bachimbaji betu, banafanya. Ukashuka, ukazimika. Bakawasha tena, ukazimika. Milango yote ilikuwa imefungwa, hata pazia haikutikisika.

Mukubwa wa filme akasema basi kijana ashuke na taa ya batri, mwenye kutazama hatajua. "Ninakulipa juu ya ukweli, mama," akamuambia Odette, "hapana juu ya kunichelewesha."

Mutoto wangu akakaa pale mudomoni mwa shimo. "Basi anipite mi kwanza. Hewa mubaya ni nzito, inalala chini sawa maji. Shimo fupi hivi haiwezi kuizaa. Inatoka mu shimo ingine, chini yake."

Pale pale fundi wa sauti, mikro yake ya kunasa sauti ilikuwa imening'inia mule ndani, akauliza polepole nani anagonga. Alituvalisha vyombo vyake vya masikio, mumoja mumoja. Mara tatu, kimya, mara moja. Kalend alipokuwa anaishi kwangu na kuchimba, aligonga vile ku meza na kijiko, akinichekesha: hii njo alama ya bakrezere, mama mudogo, ni kusema nipandisheni.

Odette alisema ni matone ya maji yanaanguka ku ubao. Alisema vizuri sawa mwalimu, lakini alishika mukono wangu mpaka kucha zikaingia.

Baliita batu ba komini, serikali ya mutaa, na bakrezere bazee na mashini ya kupuliza hewa. Chini kulikuwa njia ya zamani, imeanguka mbele na nyuma. Balipandisha kamba, kisha buti moja yenye kiraka cha mupira wa kinga, ni kusema baiskeli, ku kisigino, mishono kumi na mine ya uzi wa wavu. Ni mukono wangu, Yaya. Nilimushonea asubuhi ile alitoka. Miaka hii yote batu balituambia alivuka Zambia, nawe ukakataa kukalisha kilio, matanga. Balipomupandisha yeye mwenyewe, tulimufunika na kitenge yangu mupya.

Odette akauliza bakrezere kama kule chini kuna maji. Bakasema hakuna, kukavu sawa unga. Ako na kaye yake, daftari ya kuandika ya kweli na ya uongo. Ku ile sauti aliandika: Sijui. Mutoto mwenye diplome, na hakuona haya. Mikro ilishushwa tena siku tatu. Kimya.

Mukubwa alitaka kuitia sauti mu filme. Odette akamuambia, "Ile sauti iko na mama yake. Atasikia yeye kwanza. Akikataa, unafuta." Na mutu mukubwa vile aliitika sawa mutoto wa shule. Jina la Odette litapita ku televizyo, mwisho wa filme, utaona. Lakini kusikia ama kufuta, njo wewe utasema. Nitakaa pembeni yako.

Tata Selemani mwenye kuendesha kamyon, mwenye kukuletea barua hii, atabaleta ninyi bote, nafasi za mbele ni yako na ya shemeji. Umuambie shemeji alie, asijifunge. Umusalimie mama mukwe wako asiyeona, na kaka yetu wa kupiga kengele ya kanisa. Mulete pemba, udongo mweupe wa kwetu, wa kumuagia. Wa hapa umechimbwa mingi, siuamini tena.

Mi mudogo wako, mama ya Odette.

Tunamuzika Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Mufike bote Ijumaa, jua ikingali juu.