Nilikaa Kiti Kimoja na Mama Mkwe

Mama Apolinaria mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, naomba unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nimepanga kufanya jambo na sijui kama ni busara au ndiyo nitakuwa nimemaliza kila kitu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtendeni, Tabora, nimelelewa mjini hapahapa na shangazi yangu Zabibu, na nyumbani kwetu mkwe akija anakula sinia moja na sisi na tunataniana naye. Mke wangu Kulwa kwao ni kijijini, mbele ya Nzega, tuna miaka sita ya ndoa na binti mmoja, Mwanne, mwenye miaka mitano, na sasa mke wangu ana ujauzito wa miezi minane, na kwa kuwa Mwanne alizaliwa kwa upasuaji, daktari amesema safari hii asithubutu kujifungulia mbali na hospitali, ndiyo maana tukamwomba mama yake aje akae nasi mpaka mtoto azaliwe, akaja, nikafurahi.

Lakini tangu aje, yule mama alikuwa ananikwepa. Nikiingia sebuleni anatoka, chakula anakula jikoni, nikimwamkia anaitikia marahaba huku amegeukia ukuta na khanga kichwani, mimi nikajua hanipendi, nikasema moyoni ngoja nimwoneshe kuwa mimi ni mtoto wake. Jumapili nikawachukua wote kwenda kwenye ile bustani ya zamani ambako wanasema misafara ya kwenda Ujiji ilikuwa inapumzika, kisima chao chenye ukuta wa mawe bado kipo, ila siku hizi kuna bembea, sungura wa kulishwa na watoto, na kitreni kinachozunguka kisima kwa injini ya pikipiki.

Mwanne akalia kwamba hapandi kitreni bila bibi. Kulwa na tumbo lile asingeweza, akabaki kwenye benchi na karanga zake. Mama akapanda, na msimamizi wa kitreni akamhamishia Mwanne kiti cha mbele kwa watoto wenzake, akaniambia, "Baba, ingia hapo na mama, hatuachi kiti wazi," akafunga mnyororo. Kile kiti, Mama Apolinaria, ni cha watoto, tulikaa tumebanana, kwenye kona nikamwegemea, naye akanishika mkono akacheka, nakuapia alicheka mpaka khanga ikamwangukia mabegani, na mimi sijawahi kumsikia akicheka. Raundi tatu zilipoisha msimamizi akauliza nani anashuka, mama hakujibu, nikadhani hajasikia, tukazunguka tena. Mpiga picha wa bustani akatupiga picha nzuri sana, akanirushia kwenye simu, na mimi kwa furaha nikaiweka kwenye kundi la ukoo wao la Watsapu nikaandika, "Mkwe na mkwe wakila raha."

Hatujafika nyumbani, Doto, pacha wake Kulwa, akanipigia. "Shemeji, umelewa? Wazee wote wameiona hiyo picha! Unakaaje na mkweo paja kwa paja?" Nikamwambia, "Shemeji, tulifungwa mnyororo, ningeruka?" Akakata simu. Mama aliposikia habari za picha akajifungia chumbani, nikakaa mlangoni nikimbembeleza atoke anipe mkono yaishe, hakutoka. Asubuhi akapanda basi, akamwambia binti yake tu, "Nimeaibika mbele ya ukoo wa baba yako. Humu sirudi."

Nimempigia mara sita, anapokea, nasikia anapumua, halafu anampa simu baba mkwe, mzee Shigela, naye anakohoa, anasema, "Tumesikia, mwanangu," basi. Wamesikia nini? Shangazi anasema hayo ni mambo ya shamba, niyapuuze. Kulwa analia, amefungasha begi, anasema kama mama haji yeye atamfuata akajifungulie huko, na kutoka huko kuna pikipiki mpaka barabarani, halafu kusubiri gari la kwenda hospitali. Mimi nimeamua Jumamosi niende nipige magoti mbele ya mama, watu wote wakiona, nimlilie mpaka anisamehe. Kumweleza Kulwa, akasema nikifanya hivyo ndoa imekwisha. Sasa nimekosa kwa kukaa karibu naye, na nikienda kuomba radhi nakosa tena? Mtu anamwombaje radhi mtu asiyetakiwa kumkaribia? Sielewi hata kosa langu lilianzia wapi.

Adinani, fundi wa Mtendeni

*

Marahaba, Adinani. Pole, mwanangu, na sasa tulia nikuseme.

Miaka sita umeoa kwa watu na hukuwahi kuuliza wanaishije na wakwe zao? Siku ya mahari mshenga wako alikuwa na kazi gani, kula pilau? Kwa wazee wengi wa huko kwa mkeo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja, hawali pamoja, hawapeani mikono. Mimi ni mtu wa Igunga, jirani zao. Baba yangu akimwona bibi mzaa mama njiani alikuwa anaingia vichakani mpaka apite, na sijaona mtu aliyempenda bibi yule kuliko yeye. Yule mama alipokula jikoni na kugeukia ukuta alikuwa anakupa heshima yote aliyonayo, wewe ukaiita chuki. Kuuliza si ujinga, ungeuliza. Na shangazi yako mwambie kuwa mwacha mila ni mtumwa, na mkeo ametoka hukohuko shamba.

Lakini pia unaomba radhi kwa kosa ambalo silo. Kitreni kilikuwa bahati mbaya, mtoto analia, mnyororo umefungwa, hilo lingeeleweka. Na usijidanganye kuwa hakusikia alipoulizwa nani anashuka. Alisikia sana. Mwanamke wa huko, bila shaka amelima pamba maisha yake yote, amelea mapacha, siku hiyo kapanda kitu kinachozunguka kwa raha tu, akacheka, na ilikuwa haki yake. Lingebaki palepale bustanini. Wewe ukakichukua kicheko kile, khanga ikiwa mabegani, ukakipeleka mbele ya shemeji zake na wazee wa mumewe, tena kwa maneno ya mzaha. Hapo ndipo ulipomuumiza. Na katika barua yako yote ndefu sijaona mahali uliposema picha umeiondoa!

Kwa hiyo Jumamosi huendi popote. Ukampigie magoti hadharani, halafu naye afiche wapi uso wake? Simu usipige tena. Leo hii ifute picha, na ikikataa kufutika mwombe Doto amwambie msimamizi wa kundi aifute, kisha andika kwenye kundi sentensi moja ya kuwaomba radhi wazee, bila kujitetea na bila habari za mnyororo. Baada ya hapo mtafute yule mshenga, aende Nzega pamoja na shangazi Zabibu, wamwone mzee Shigela kwanza, wamwambie, "Mkweo amekosa. Kwenu jambo hili linasafishwaje?" Atakachotaja, iwe mbuzi au khanga, timiza, usibishane. Mzee anayekuita mwanangu hana kinyongo, anasubiri mtu mzima wa kuzungumza naye.

Kulwa hasafiri. Hapo sina utani hata kidogo. Aibu ina namna ya kusafishwa, kovu la upasuaji likifumuka njiani halina. Wajumbe wako walifikishe hilo kwa mama yake neno kwa neno, na waseme haitwi kwa mkwe, anaitwa kwa binti yake. Anaujua uchungu wa kuzaa, hatakataa. Na akikubali, wewe ndiye unayehama. Kalale kwa shangazi, nyumba iwe yake. Ukileta kitu, bisha hodi, kiweke mlangoni, uondoke.

Mungu akipenda mtoto atazaliwa salama. Siku moja utafika na mfuko wa sokoni, utabisha hodi, utamsikia mama mkwe ndani akimwimbia mjukuu. Atajua kuwa ni wewe uliye nje, na hatanyamaza, ataendelea kuimba. Hapo ndipo utajua kuwa yamekwisha. Weka mfuko chini, na usiingie.