Pedale yenye kutetemeka

Leo mardi tarehe 14, kaka Léopold, nilikuwa karibu kuua mama mukwe wangu!

Nilikuwa namupeleka na motokari yangu ku hospitali ya Mweso. Kwenye mutelemuko ya matope, ngombe iko mu njia. Nakanyaga frein, breki ile, pedale inatetemeka chini ya muguu. Nikazani imekufa, nikatosha muguu juu ya pedale.

Nikatosha muguu, kaka!

Tukapita pembeni ya ngombe, tukaingia mu shamba ya maharagi, bila hata mukwaruzo. Mama mukwe, Mama Agathe, anasema: "Unanipeleka kwa mutoto wangu mbele ya siku yangu kufika?" Mutoto wake njo marehemu bibi yangu! Tukacheka mpaka machozi.

Mekanisie, fundi wa motokari, anasema: "Papa, kutetemeka njo frein iko inatumika. Kaza tu muguu."

Wakubwa wa serikali walinipatia permis ya kuendesha bila kunifundisha kitu! Sasa mama mukwe ananiuliza: "Ile siku ya permis, ulionyesha nani kama unajua kusimamisha motokari?"