Jina Lako Nilimpa Farasi

Etterbeek, Bruseli

Maman yangu,

Umeamkaje huko Bukavu? Lile goti linalokusumbua mvua ikinyesha, limepoa? Huku tuko wazima. Furaha wangu ametoka hospitalini Woluwe alikojifungulia, anatembea, anakula, ananigombeza, donc amepona. Mtoto ananyonya bila huruma.

Tangu nikiwa shuleni ulisema binti yangu wa kwanza atachukua jina lako. Sasa kila ukipiga simu unauliza, "Mulimuita nani?" nami nasingizia mtandao. Juzi, kabla sijakata simu, nikakusikia ukimwambia dada Neema, "Labda banaona jina yangu ni ya zamani." Hapana, Maman! Acha nikuandikie, maana kwa mdomo nimeshindwa.

Unajua kazi yangu ya udaktari wa wanyama, kule kwenye shamba la farasi wa mashindano. Mwaka wa kwanza nilimzalisha farasi aliyekwama. Mguu mmoja wa mtoto ulitangulia, mwingine umekunjika ndani. Nilihangaika mpaka mkono ukafa ganzi. Akatoka hai, jike. Mwenye shamba akafurahi, akasema, "Daktari, mpe jina wewe." Kwa desturi ya huku, watoto wote wa farasi wa mwaka ule majina yao yalipaswa kuanza na M. Nikasema Mwavita. Upweke ulinituma. Nilitaka kulisikia jina lako likiitwa huku.

Na liliitwa kweli. Alipoanza kukimbia, wazungu walisimama vitini wakipiga kelele, "Mwavita! Mwavita!" Nikatamba pale utadhani nimekimbia mimi. Kwetu kumpa mnyama jina la mzazi ni tusi, nalijua hilo, ndiyo maana sikukuambia.

Mwezi uliopita alivunjika mguu katikati ya mbio. Mguu wa farasi ukivunjika namna ile hauungi tena, huchomwa sindano afe asiteseke. Daktari ni mimi, sindano niliishika mimi. Alikuwa anatetemeka, nikamwita jina ili atulie, akatulia. Halafu nikampigia mwenye shamba: "Mwavita amekufa." Nililisema kwa mdomo huu, Maman, nawe uko hai, unangoja kuitwa bibi.

Tangu siku ile siwezi kulitamka jina lako. Nikimbeba mtoto, naiona ile sindano. Furaha nimemchosha. Jana akaniambia, "Bon, farasi ulimupa jina siku ile ile. Mutoto wako, unamunyima?" Nikaendelea kukunja nepi.

Barua hii anakuletea tonton Déo, anasafiri kesho. Jumatatu lazima tumwandikishe mtoto kwenye ofisi ya komini. Nisamehe. Ukikasirika, kasirika, ni haki yako. Lakini Jumapili ukitoka misa, piga simu. Safari hii mtandao hautakatika. Nitaiweka simu sikioni mwake, umuite wewe kwanza, jina lako, kwa sauti yako. Mimi nitafuata.

Msalimie sana dada Neema anayekufulia, na mamans wenzako wa kwaya. Mpe pole jirani yetu fundi viatu kwa kuunguliwa na kibanda. Furaha anakukumbatia.

Mjukuu wako naye anakusalimu. Yeye bado hana jina la kuweka hapa.

Mwanao,
Amani