Gia Kumi za Jenipher

Chamazi, Dar es Salaam
9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi? Na Mama, ile dawa ya presha anaimeza kila siku, au bado anaificha chini ya godoro na kusema kapona? Sisi huku tunapumua. Mtulinga wa Jenipher unaunga, daktari kasema mkono ubaki umefungwa wiki tatu zaidi, na yale meno mawili ya mbele atawekewa mengine baadaye. Mimi sina ugonjwa wa kupimwa hospitali.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikipiga unaanza na Husseinali na kumaliza na Husseinali, kisha salio linakata. Nimesikia pia kwamba ulisimama nje ya kanisa ukawatangazia watu kuwa Mhindi wa Dar alimpa binti yako baiskeli mbovu, nusura imuue, na kwamba Pasaka unakuja kumkunja shati ofisini kwake Kurasini. Naomba usije kwa jambo hilo. Isome barua hii mpaka mwisho hata ukikasirika, na uisome peke yako, usimpe Stanley akusomee kwa sauti. Mdogo wangu yule hana siri.

Unamjua Husseinali kwa jina tu. Kazi yake ni kuingiza baiskeli za mtumba kwa kontena, na kila kontena likifunguliwa huchagua nzuri chache akawapa bure wasichana wa klabu yake ya mbio. Ya Jenipher ilikuwa bora kuliko zote. Na ilikuwa nzima, Baba. Vifaa vyote ni vya Kijapani, toka mikono ya breki yenye vibonyezo vya gia ndani yake, hadi mkono wa nyuma, ule unaoihamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine. Nyuma gia kumi. Siku ilipoletwa karakanani kwangu niliikagua asubuhi nzima nikitafuta cha kurekebisha, nikakosa, na nitakuwa mwongo nikisema nilifurahi.

Wiki tatu kabla ya mchujo wa timu ya mkoa, Jenipher akiwa mazoezini Kimara, bajaji ikampitia ubavuni. Yeye alichubuka tu, lakini mkono wa nyuma ulivunjika vipande. Husseinali akaniambia nivute subira, angeutafuta uleule na ungefika kabla ya mbio. Jenipher naye akasema tusubiri. Mimi nikaona aibu kukaa na baiskeli ya dada yangu imening'inia kama nyama buchani huku wateja wanauliza. Kwenye ndoo yangu ya vyuma chakavu kulikuwa na mkono wa Kimarekani, nao wa gia kumi. Nikasema kumi kwa kumi, shida iko wapi.

Najua utataka kuelewa, kwa hiyo nikueleze. Gia za nyuma za Kimarekani zinaingia kwenye gurudumu la Kijapani bila ubishi, na cheni zao zinakubaliana. Za Kiitaliano ndizo hazikubali, mifereji yake ni mingine kabisa, na hilo nililijua. Sasa kwa kuwa hao wawili wanapatana kwenye gia na kwenye cheni, nikaamini wanapatana kwenye kila kitu. Kumbe kibonyezo na mkono vimeunganishwa kwa waya, na kila ukibonyeza mara moja, waya unavutwa kipimo maalumu. Mjapani ana kipimo chake, Mmarekani ana chake. Jenipher alilisoma hilo kwenye simu, akaja kuniambia kwa adabu kabisa kwamba anaona viwili hivi haviendani. Nikamuuliza aliyemfundisha baiskeli ni nani, mimi au hiyo simu yake. Wateja wakacheka. Akairudisha simu mfukoni.

Na kweli havikuendana. Cheni ilikuwa inasita katikati ya gia mbili, haitaki huku wala kule. Hapo nikakukumbuka wewe. Nilikukumbuka pale Masasi na zile baiskeli nyeusi za mizigo, ambazo chuma cha yeyote kilimfaa yeyote, na pedali zikikosekana ulichonga za mpingo. Nakumbuka ulivyonipiga kofi nikiwa darasa la sita kwa sababu nilimwambia mteja haiwezekani. Ulisema neno hilo lisisikike tena kwenye kibanda chako. Basi halijasikika, Baba. Nilichukua ile tupa yako uliyonipa, nikachonga mfereji mwingine pale waya unapobanwa, karibu zaidi na mhimili, ili mkono utembee hatua kubwa zaidi. Kisha nikailegeza ile skrubu inayoizuia cheni isivuke gia ya mwisho. Nikazungusha pedali na gia zote zikaingia, ingawa kwa kelele. Wateja wakasema huyu fundi ni hatari, nami nikakenua meno.

Siku ya mchujo nilisimama kwenye mpando baada ya Kimara. Jenipher alikuja akiwa wa tatu, na kwenye timu walikuwa wanatakiwa wanne. Akasimama juu ya pedali, akabonyeza kutafuta gia kubwa ya mwisho. Cheni haikuishia pale. Ilivuka, ikazama kwenye spoki, gurudumu likakaba, naye akarushwa mbele kwa uso. Nilisikia mlio wa ile cheni kabla sijaona chochote, na nilijua ni kitu gani.

Hospitali viongozi wa mbio walipomuuliza, alijibu kwa midomo iliyovimba kwamba alikosea mwenyewe kubadilisha gia. Alikuwa ananikinga. Baadaye Husseinali akaja na supu kutoka kwake, akaniita pembeni, akauliza kama ule mkono aliomkabidhi bodaboda aniletee ulinifikia. Nikatazama ukuta, nikasema haukufika. Yule mtu alijishika kichwa. Alisema kosa ni lake, angeuleta mwenyewe. Kesho yake akapokea ule ujumbe wako wa sauti kwenye simu, wenye matusi hata mimi sikujua kama unayajua. Amekusanya baiskeli za wasichana wote wa klabu, isipokuwa ya Jenipher iliyoko kwangu, amezifungia, anasema hawezi kubeba damu ya mtoto wa mtu mwingine.

Baba, ulifika. Uliletwa Alhamisi, siku tatu kabla ya mbio, ndani ya boksi lililofungwa. Niliupokea kwa mikono yangu, na kwa ile tabia uliyotulea nayo ya kuandika siku kwenye kila kifaa kinachoingia, nikaandika juu yake: Jenipher, Alhamisi, 12 Februari. Kisha nikaliweka boksi kwenye droo na kulifunika kwa matambara. Nilijiambia acha kwanza ashinde na kazi yangu, wale waliocheka waone, halafu wiki ijayo nitabadilisha kimyakimya. Sikutaka kuufunga mbele yake akajua kwamba alikuwa sahihi. Sababu ni hiyo tu. Nimetafuta nyingine iliyo nzuri zaidi, sijaipata.

Juzi Jumamosi Jenipher alikuja karakanani kuiona baiskeli yake. Akavuta droo kutafuta kitambaa cha kufutia vumbi. Akalisoma boksi. Nilingoja anitukane au alie, hakufanya hata kimoja. Aliniomba ufunguo wa L namba tano. Aliufungua ule mkono wangu, akaufunga wa kwake kwa mkono mmoja, mimi nikiwa namshikia gurudumu kama kibarua. Akavuta waya, akakaza skrubu ya kikomo, akaniambia nizungushe pedali. Zikaingia zote kumi, moja baada ya nyingine, bila sauti. Kazi yote haikumaliza hata saa moja, Baba.

Timu imeondoka bila yeye. Kesho asubuhi naenda Kurasini kumwambia Husseinali kwa mdomo wangu, na akinifukuza nitakuwa nimestahili. Wewe nakuomba usimame palepale nje ya kanisa, mbele ya walewale, uyafute maneno yako. Sema ni mwanao. Utaona uchungu wake, nami sitakuonea huruma, maana nusu ya kosa hili nilijifunzia kwako, ila nusu ya pili niliiongeza mwenyewe.

Katika furushi hili kuna tupa yako, nimeizungushia gazeti. Irudi kwako, siihitaji tena. Mama mwambie ameze dawa, na shangazi Tekla mwambie namwamkia. Jenipher hajatuma salamu zozote kwa sababu hajui kama naandika. Hatusemeshani sana. Tangu Jumamosi haniiti kaka. Akitaka kitu ananiita fundi.

Mwanao,
Valerian