Benchi la Chini ya Dirisha

Mama Konsolata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza barua yako bila shikamoo.

Tangu utuache, ofisi yetu ya ustawi wa jamii imepwaya. Tulikuwa sita, tumebaki watatu. Wengine wamepunguzwa kazi, na mmoja wao anauza mitumba sokoni, ananenepa kweli kweli. Kikao cha Jumatatu bado kipo. Naongoza mimi, yule yule mtani wako Mbena, mropokaji.

Unakumbuka nilivyoropoka? Tulikuwa tunajadili shauri la mama wa Madaba, ambaye mumewe alikimbilia Tunduru kutafuta vito akamwachia watoto wanne. Nikasema Wangoni siku hizi wanaoa mawe. Watani zangu mezani wakacheka. Wewe, Mngoni mwenyewe, hukucheka. Ulikwenda dirishani ukachungulia, na hapo nje, kwenye benchi, mama yule yule alikuwa amekaa, ameinamisha kichwa. Alikuwa amesikia yote. Ulitoka ukamwomba radhi wewe, ukisema kosa ni la anayeongoza kikao. Kisha ukarudi ukaniambia, "Utani wako kaufanyie msibani, mwanangu. Humu ndani yule mama ana jina lake na shida yake."

Hukunitajia tena jambo hilo. Na shauri la mtoto wa dada yako lilipofika mezani ulisema tu, "Huyu ni wangu," ukampa mwenzetu faili ili usimpendelee, ukaenda kukaa kwenye benchi lile lile. Bosi mzima, katikati ya wateja! Siku ile nilikupenda, Mama, na sikukwambia.

Msibani kwako niliufanya huo utani, kama ilivyo desturi ya watani. Nilijifunga kanga yako, nikaiga unavyotembea, hadi wifi zako wakacheka huku wanalia.

Sasa sikia. Jumatatu iliyopita alikuja binti yako, Konsolata. Baba zake wadogo wanataka kumtoa kwenye nyumba uliyoijenga. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, na wale wenzangu wawili ni vijana, wasingenibishia. Mmoja amehamishiwa hapa baada yako, hata hakukufahamu. Nikasema, "Huyu ni wangu." Nikampa faili huyo asiyekufahamu, nikafunga dirisha, nikatoka.

Konsolata alinikasirikia. "Dada, mbona umetoka? Nani atanisemea humo?" Nikakaa tu karibu naye. Alinipa mgongo muda mrefu. Halafu akauliza kama ni kweli na wewe ulikaa hapa. Nikamwambia, "Hapo hapo ulipo." Akasogea, akaniegemea.

Shauri halijaisha, nami siulizi. Naumia kutokuuliza, usidhani ni rahisi.

Lala salama, Mama. Ndani ya kikao sitamsemea mwanao hata neno moja. Lakini kwenye benchi, nakuahidi, hatakaa peke yake.

Mtani wako, mwanao.