Samli au Ugali

Jumatatu, 3 Juni 1996
Lodwar. Zubeyr amerudi na lori kutoka Kakuma. Kushuka tu, akashika kifua, akaketi mchangani kando ya gurudumu. Uso rangi ya majivu. Mume wangu huyu, anayebeba gunia la unga peke yake! Nikamkimbiza kliniki ya kulipia.

Daktari anasema ni moyo. Mishipa imeanza kuziba kwa mafuta. Ukutani kuna picha ya pembetatu. Chini mkate, wali, ugali — hivyo vya kula kwa wingi. Mafuta yako juu kabisa, kwenye ncha. Akanionyesha kwa kalamu: samli hapana, nyama ya mafuta hapana, hata maziwa ya ngamia hayataki. "Mama, kama unampenda, wacha kumkaangia."

Samli ndiyo naijua tangu nyumbani kwa mama yangu. 

Jumatano, 5 Juni
Nimempa jirani mkebe wote wa samli. Mama mkwe, Hani, akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Ebla! Unalisha mtoto yangu chakula ya kuku?" Nikamwambia ni amri ya daktari. Akasema marehemu mumewe alikuwa anakunywa samli kwa kikombe, na alikufa mzee wa mkongojo.

Zubeyr amekula mlima wa ugali na kabeji ya kuchemsha. Na chai yake tamu, kama kawaida. Sukari daktari hakukataza — haina mafuta, alisema.

Hakulalamika. Hilo ndilo linanitisha. Zubeyr asiyelalamikia chakula ni Zubeyr mwenye hofu.

Ijumaa, 14 Juni
Kiu! Anamaliza maji ya mtungi, anatoka chooni, anarudi kwa mtungi. Akishakula wali analala hapohapo mkekani. Shati linamning'inia. Anasema ni jua. Jua la Lodwar nalijua tangu utotoni, halijawahi kumkondesha mtu hivi.

Baada ya swala alifungua Kurani. Akaiweka mbali, akaileta karibu, akaifunga. Nami nikajifanya napepeta mchele.

Na Jumanne anaendesha tena.

Jumanne, 18 Juni
Kakuma. Nimekuja naye. Alikataa, nikapanda tu. Polisi walikuwa mbele ya msafara kwa sababu ya majambazi, lakini mimi majambazi sikuwakumbuka hata kidogo. Nilikuwa naangalia macho yake.

Ngamia walikuwa wanavuka barabara. Hakupunguza mwendo! Nikapiga mayowe, akakata usukani, tukaingia kichakani. "Nilidhani ni vivuli," akasema. Injini ikiwa bado inaunguruma, akalaza kichwa kwenye usukani, nikaona mabega yanacheza.

Nikamvuta mpaka kliniki ya kambini. Daktari huko ni Malith, mkimbizi kutoka Sudan, mrefu, mpole. Akapima mkojo. "Dada, huyu mzee iko na sukari. Nyingi sana." Akauliza anakula nini. Nikajibu kwa fahari — hakuna mafuta hata tone, daktari! Ugali, wali, chapati kavu, chai. Akavuta ndevu.

Anasema chai ya sukari basi. Ugali na wali vipungue sana. Nyama ale, maziwa, hata samli kidogo. Na moyo je? Hapo akasita. Vitabu vyote vinaogopa mafuta, akasema, na yeye alifundishwa hivyohivyo. "Lakini kwa huyu, mimi naogopa unga zaidi. Naweza kukosea."

Anaweza kukosea! Nimekuja safari yote hii kusikia hivyo?

Lori limerudishwa na dereva mwingine. Zubeyr alikaa kama mzigo.

Alhamisi, 20 Juni
Nilirudi kwa daktari wa kwanza. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Kwamba ana ugonjwa wa sukari amekubali, vidonge ametoa, chai ya sukari ameikataza sasa. Lakini ugali si sukari, anasema, na mwongozo unataka hata mwenye kisukari ashibe wanga. Akanishika bega. "Ukimrudishia samli, mama, utamzika."

Mmoja anasema unga utamuua. Mwingine anasema mafuta. Na sufuria ninayo mimi!

Leo sikuwasha jiko. Hani akaja kunigombeza, akanikuta nimekaa sakafuni na unga upande huu, nyama upande huu. Hakugomba. Akaketi, akaanza kulia taratibu.

Jumamosi, 22 Juni
Nilimfuata Malith. Nyama, samli kijiko kimoja. Zubeyr alitabasamu — mara ya kwanza mwezi huu. Alasiri kifua kikamkamata tena.

Ni samli? Kijiko kimoja? Au ni wiki zile za ugali? Nani ataniambia?

Jumapili, 23 Juni
Wodini. Yu hai. Nesi, Nabei, aliniamkia kwa Kiturkana, "ejok", kwa upole mpaka nikaogopa zaidi.

Malith amesindikiza wagonjwa wa kambini kwa gari lao mpaka hapa, akasikia Zubeyr amelazwa, akaja kumwona. Daktari wa kliniki naye yupo. Wamesimama miguuni mwa kitanda, wanabishana Kiingereza kwa sauti ya chini. Nashika maneno mawili tu, mafuta na sukari, mafuta na sukari. Hakuna anayenitazama. Sasa wametoka kwenda barazani, bado wanabishana.

Hani ameleta vyombo viwili. Kimoja ugali na kabeji, kingine nyama na samli. Amevipakata, ananitazama. Yeye, aliyejua kila kitu!

Zubeyr amefumbua macho. Anasema njaa inamuuma. Namwambia tungoje madaktari. Ananyoosha mkono.

"Wacha kuandika, Ebla. Nipe chakula."