Ugonjwa Niliochaguliwa

Jumatatu, 1 Septemba

Nyumbani Miyuji hadi ofisini kwa baiskeli, dakika thelathini na nne. Upepo wa usoni njia nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Nimebadilisha nguo chooni, nikafunga ushungi upya, saa moja na nusu niko mezani nachapa barua za mkurugenzi. Mchana nimepitia zahanati. Kilo 81. Januari nilikuwa 98. Sukari imeshuka, daktari amenipunguzia vidonge vya sukari kutoka viwili hadi kimoja. Miaka arobaini na tisa, mjane, na mapaja yananiuma kama ya msichana wa netiboli. Nimefurahi. Naandika hapa kwa sababu sioni mwingine anayefurahi.

Ijumaa, 5 Septemba

Jirani yangu Mama Shabani kanisimamisha getini. "Pole, Mama Rehema." Pole ya nini? "Si unavyokonda hivyo." Nikamwambia ni baiskeli. Akanitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mtu anayedanganya.

Nilipokuwa na kilo 98, nikipanda ngazi mbili nahema, waliniambia nimependeza, mji umenikubali. Siku zile ndizo nilizostahili pole. Hakuna aliyenipa.

Marehemu mume wangu naye alikonda kabla ya kufa. Figo. Majirani walisema yao, ya ugonjwa ule, ukimwi. Sasa zamu yangu. Wanafiki wakubwa.

Jumapili, 14 Septemba

Rehema kaja. Mwanangu wa pekee, anaolewa Kondoa, kwa watu wa kwetu kabisa. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ni tarehe nne mwezi ujao, ukumbi uko Makole. Nilidhani kaja kwa habari ya ukumbi. Kazunguka weee, mwisho ndiyo kasema: mama, acha hiyo baiskeli mpaka tumalize shughuli. Nenepa kidogo. Upande wa bwana harusi wanauliza mama anaumwa nini.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamletea kadi ya kliniki, sukari ya Januari na ya sasa. Hata hakuifungua. Kasema wakwe hawasomi kadi, wanatazama mashavu.

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Lakini mtoto ni huyu huyu mmoja. Nimekubali.

Jumatano, 24 Septemba

Siku kumi za bajaji. Chapati asubuhi, maandazi saa nne, wali jioni na soda juu. Mama Shabani kasema naanza kurudi. Sukari nayo imerudi. Leo zahanati wamenipima mara mbili, hawakuamini. Daktari kaniuliza kama nataka kumfuata mume wangu. Swali la kijinga, lakini nimetoka nalo.

Nimefika nyumbani, nimeitazama baiskeli imeegemea ukuta, magurudumu yamelegea. Nimelia. Kisha nimetafuta pampu.

Nimempigia Rehema. Nimemwambia narudi barabarani, sitajinenepesha kama mbuzi wa Idi kwa ajili ya macho ya watu. Kasema: "Sawa, mama. Nitajua la kufanya." Nimeshukuru Mungu. Nimedhani kanielewa.

Jumapili, 5 Oktoba

Sendofu ya jana. Niandike niimalize.

Gauni lilinikaa. Niliingia ukumbini nikicheza, mlangoni hadi meza kuu, na sikuhema. Ukafika utambulisho. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: mama mzazi wa bibi harusi, pamoja na maradhi ya moyo yanayomsumbua, amejikaza amefika, naomba tumpigie makofi. Ukumbi mzima ukasimama. Makofi. Wakwe wakaja mmoja mmoja kunishika mkono, taratibu, kama yai. Mama yake bwana harusi alifuta machozi, akanisihi nisiinuke. Nikamtafuta Rehema kwa macho. Alikuwa anatazama keki.

Nilimbana chumba cha kubadilishia nguo. Hakukana. Kasema moyo ni afadhali, mama. Moyo hauna aibu. Tangu walipoambiwa ni moyo, yale maneno mengine yamekwisha, na wamekupenda sana.

Basi mwanangu kanichagulia ugonjwa wa heshima. Angeweza kusema mama yangu mzima, anaendesha baiskeli. Hilo ndilo lililomshinda kutamka. Mama mgonjwa anabebeka, mama wa baiskeli hapana. Mkono uliniwasha. Sikumpiga kwa sababu alikuwa ameshapambwa, na nje walikuwa wanamwita.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nyumba kimya. Ndoa imefungwa, Rehema yuko kwa mumewe Kondoa tangu Alhamisi.

Leo nimetoka kulipopambazuka, nikashika barabara ya kuelekea Kondoa, hadi Veyula bila kusimama. Sijawahi kufika huko kwa nguvu za miguu yangu. Nikaegesha kando ya lami, nikanywa maji. Kifua kilikuwa shwari.

Simu ikalia. Rehema. Spika ilikuwa imewashwa, nilimsikia mama mkwe wake pembeni akisema mwulize, mwulize. Kauliza nimeamkaje. Kauliza kama nimepumzika, kama nimemeza dawa ya moyo.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nayo tangu ukumbini.

Nikasema nimemeza, mwanangu. Niko kitandani.

Mama mkwe akasema alhamdulillahi. Rehema akasema asante, mama, kwa sauti ndogo. Nikarudisha simu kwenye mkoba na kugeuza baiskeli. Natakiwa kazini saa moja na nusu.